Kiboko Hakifunzi Kazi

Wapo washikiliao kwamba gereza ni mahali pa kutesea tu. Tanganyika ilikwisha kuijaribu njia hiyo: sheria ya 1963 iliamuru mla rushwa afungwe miaka isiyopungua miwili na kuchapwa viboko 24, 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Rushwa haikufa.

Na atazamwe kijana wa Kalangalala, mjini Geita, afungwaye kwa wizi wa mawe ya dhahabu. Atokapo hana ufundi wala mtaji, na machimbo yapo pale pale. Atakula nini? Aliyeibiwa ana haki ya kumwona mwizi akifungwa. Lakini hana faida akirudishiwa mwizi yule yule. Kunyimwa uhuru ndiyo adhabu. Siku za kifungo na ziwe za kumfunza uashi na useremala.