Shimo litaisha, binti atabaki

Wababa wa Misisi, Lubichako na Lulimba, na ninyi wamama munaotwanga mawe kule: leo nataka kuwasemesha juu ya mupira. Siyo ule wa miguu ambao unatugombanisha kila siku ya Mungu. Ni basketi, na tena basketi ya wabinti. Najua kuko mwenye atasema: "Huyu mwandishi hana kazi. Watu wako wanatafuta gramu, yeye anatuletea michezo." Mungojee kwanza. Habari hii inaanzia ndani ya shimo.

Kule Canada, katika jimbo la Ontario, kuko mji unaitwa Sudbury. Mwaka 1883, wakati wafanyakazi walikuwa wanapitisha reli, waliona mawe yenye nikeli na shaba. Toka siku ile mji uliishi kwa kuchimba. Baba alishuka chini, mtoto akamfuata. Moshi wa viwanda uliua miti na kugeuza mawe ya vilima kuwa meusi. Mwanamke wa Sudbury alijua, sawa na mwanamke wa Misisi, namna ya kukaa macho akingojea mume atoke chini.

Mwaka 1960 mji ule ulipata chuo kikuu, Laurentienne, kinachofundisha kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Na sasa musikie: timu ya wabinti ya chuo kile ilichukua ubingwa wa basketi wa vyuo vikuu vya Canada nzima mara tano mfululizo, toka 1975 mpaka 1979. Ikarudia tena 1990 na 1991. Mara saba. Siyo Toronto, siyo Montréal. Ni mji wa wachimbaji.

Muangalie hasa ule msimu wa tano. Tarehe 15 Septemba 1978, wachimbaji karibu 11.700 wa kampuni ya Inco waliweka vyombo chini. Mgomo ulipita baridi yote, na baridi ya kule siyo mchezo, ukaisha mwezi wa sita 1979. Karibu miezi tisa watu wanakula posho kidogo ya sendika. Wake za wachimbaji waliunda kikundi chao wenyewe cha kuunga mgomo mkono. Na msimu wa basketi ya vyuo unaanza wakati majani yanaanguka, unaisha mwezi wa tatu. Ni kusema ule msimu mzima ulichezwa wakati kazi imesimama na mifuko ni mitupu. Hata hivyo mwisho wake kombe lilirudi Sudbury.

Sisemi kama wachezaji wote walikuwa watoto wa wachimbaji. Chuo kinapokea watu wa kila upande. Ninachosema ni hiki: katika mwaka wa shida, mji ule haukusema kwamba masomo na michezo ya wabinti ni ya kwanza kukatwa. Sisi hapa, shida ikibisha mlango, tunakata wapi kwanza? Kila mmoja ajijibu mwenyewe.

Maana ninataka tuelewane vizuri juu ya basketi ile. Wengi wetu tuko na ndugu waliovuka ziwa, wakakaa miaka katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kisha wakapelekwa Canada ama Marekani. Wanatutumia picha kwenye simu: mtoto fulani amevaa maliyo ya timu, ameshika mupira. Sisi tunafikiri: huyo amepata bahati, mupira umemtoa. Tunaona picha, hatuoni sheria iliyo nyuma yake.

Sheria ni hii. Anayecheza katika timu ya chuo kikuu cha Canada lazima awe mwanafunzi wa kweli, ameandikishwa na anasoma. Asipofaulu idadi ya masomo inayotakiwa, mwaka unaofuata hachezi, hata kama anaruka kuliko wote. Muda wake ni miaka mitano, basi. Mshahara hakuna. Akipata bursi ya michezo, inaishia kwa minerval na malipo mengine ya lazima ya chuo. Na kuko heshima ya pekee kwa wale wanaomaliza mwaka na 80 kwa mia huku wanacheza msimu mzima. Wenye kupita chuo hapa kwetu wanajua 80 ni nini: ni grande distinction.

Msimu wenyewe unafuata kalenda ya masomo. Septemba darasa linaanza na timu inachaguliwa. Toka karibu Novemba mpaka Februari ni mechi za ligi, na kwa sababu nchi ni kubwa wameikata makundi manne: Atlantiki, Québec, Ontario na Magharibi. Mwezi wa tatu timu nane zinakutana katika mji mmoja, na kwa siku chache tu bingwa anajulikana. Mwaka 2024 chuo cha Carleton, cha mji wa Ottawa, kilipiga Saskatchewan katika fainali. Mwaka 2025 Saskatchewan wakalipiza kisasi kwa Carleton ileile. Kisha wabinti wote, walioshinda na walioshindwa, wanarudi kufanya mitihani.

Kwa hiyo mupira kule haumtoi binti shuleni. Unamfunga kwenye shule kama kamba.

Sasa turudi kwetu Fizi na Baraka. Toka mwaka 2019 serikali ilitangaza shule ya msingi kuwa bure. Lakini sekondari tunalipa, na pale ndipo binti anakatika. Kaka yake anaenda shimoni, yeye anaenda kutwanga mawe, kubeba mchanga, kuuza bugali kwa wachimbaji. Kiisha mwaka mmoja ama miwili tunasikia ameshika mimba, ama ameolewa. Sheria ya familia inasema miaka 18. Sheria ya madini inasema mtoto asikanyage shimoni. Sheria zote mbili tunazijua, na zote mbili tunazipita kila asubuhi tukienda kazini.

Basketi peke yake hailipi minerval. Nisidanganye mtu. Lakini inampatia binti vitu vitatu ambavyo franka haziwezi kununua: sababu ya kurudi shule kesho, wenzake wanaouliza "uko wapi?" asipoonekana, na mtu mzima mmoja anayejua jina lake na kufuata pointi zake. Mtoto mwenye kungojewa na watu kumi na moja, si rahisi kupotea kimyakimya.

Munasema basketi ni ya watajiri? Mwaka 1891, mwalimu mmoja Mcanada, James Naismith, alianzisha mchezo huu kwa kutundika vikapu viwili vya matunda ukutani. Vikapu tuko navyo. Uwanja kamili ni meta 28 kwa 15. Pete iko meta 3 na sentimita 5 juu ya udongo, na upana wake ni sentimita 45. Fundi wa kuchomelea anayetutengenezea vyombo vya machimbo hawezi kushindwa kukunja pete mbili. Nguzo ni miti, ubao ni mbao. Udongo tunaupiga wenyewe mpaka ushike. Simenti itakuja siku yake. Sisi watu wa Misisi tunahamisha kilima kizima kwa sepetu. Tutashindwa kusawazisha kiwanja kimoja?

Pesa itoke wapi? Shimo likitoa, tunagawa: fungu la PDG, fungu la wachimbaji, fungu la mwenye udongo, fungu la mwenye mashine. Tena kuko wale wanaokula bila kushika hata sururu, na wao tunawapa kwa sababu tunaogopa. Ninaomba fungu moja dogo zaidi, linaloingia kwa kamati ya wazazi ya shule, na hesabu yake isomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Kwanza lisaidie minerval ya wabinti walio katika timu, kisha mipira na viatu. Na sharti liandikwe ukutani kwa herufi kubwa: ASIYESOMA HACHEZI.

Nasikia wababa wengine: binti yangu avae kaputula mbele ya watu? Avae anachokubali mzazi wake, suruali ndefu hata kitambaa cha kichwa. Pete haiangalii nguo. Lakini kuko hofu moja ambayo siicheki. Mwanaume mwenye kupewa wabinti kumi na wawili kuwafundisha anaweza kuwa fisi. Kwa hiyo kocha awe mwanamke, ama asikose mama mmoja wa kamati pembeni kila mazoezi. Na mazoezi yaishe jua likiwa juu, ili mtoto afike nyumbani kabla ya giza. Katika eneo lenye bunduki kama letu, hili si jambo la kuzungumzia mara mbili.

Tena ninawaonya: tukianza, watatokea wajanja. Watakuja na karatasi, watasema wako wanatafuta wachezaji wa kupeleka Canada, mzazi alipe dola kidogo za "test" na za viza. Mumfukuze mtu huyo. Nimeshawaambia bursi ya kule inalipa nini, na inampata nani: yule mwenye diploma na pointi. Binti asiye na diploma ya serikali hakuna mupira utakaomwingiza chuo kikuu, si Ottawa, si Bukavu.

Na hata Sudbury si paradiso. Februari 2021 kile chuo cha Laurentienne kilitangaza kwamba hakiwezi kulipa madeni yake. Walifunga programu za masomo 69, nyingi za Kifaransa zikiwamo, na walimu wengi wakapoteza kazi. Mji uliozoea kulia juu ya bei ya nikeli ukalia juu ya shule yake. Kwa hiyo kujenga hakutoshi. Lazima kuko mtu wa kuhesabu na wa kulinda kila mwaka, kama tunavyoweka miti ya kushikilia udongo wa shimo usituangukie.

Wenye kudhani basketi ni ya wazungu, nawakumbusha: wabinti wa nchi hii, wakati ikiitwa Zaire, walikuwa mabingwa wa Afrika 1983, 1986 na 1994. Mwaka 1996 walicheza Olimpiki ya Atlanta. Mmoja wao, Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, alibaki kucheza Marekani na akachukua ubingwa wa ligi ya wanawake na Los Angeles 2001 na 2002. Lakini sitaki mumpeleke binti uwanjani mukiota Mabika. Mabika ni mmoja. Mimi ninaota muuguzi wa Lulimba, mwalimu wa hesabu wa Baraka, mama atakayesoma karatasi ya mzani ili mumewe asiibiwe na mnunuzi.

Dhahabu ya Misisi itaisha. Kila mchimbaji anajua, hata kama hasemi: mshipa unakatika, maji yanaingia, watu wanahama wanafuata habari ya shimo jipya. Siku ile tutawaonyesha watoto nini? Ninaomba hivi: kabla ya masomo kufunguliwa Septemba, kamati ya wazazi ya shule moja, moja tu, iketi na wenye mashimo, wapime meta 28 kwa 15, na waandike majina ya wabinti kumi na wawili. Nitakuja kuhesabu ni wangapi wako darasani wakati wa mitihani ya mwisho wa mwaka.