Wito kwa Maseremala: Uvisheni Msumeno Kitako cha Plaiwudi

Ndugu maseremala wa mitaani, nanyi wazazi mnaokaa kwenye kamati za shule, naomba tuzungumze kuhusu vibanzi. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza Tanzania na madarasa yakafurika, wito ulitolewa nchi nzima tuchangie madawati. Idadi ya madawati ilizungumzwa sana. Kingo zake zilizungumzwa kidogo mno. Dawati lililokatwa vibaya huchana sketi na kaptula, na kibanzi cha msonobari kikiingia kwenye paja la mtoto wa darasa la kwanza, somo la siku hiyo limekwisha.

Mafundi wengi wakiulizwa huilaumu mashine: msumeno wa umeme wa bei nafuu, utafanyaje? Mimi sikubaliani. Mota ya mashine hizo huwa inatosha kwa kazi zetu za kawaida. Kinachoharibu ukingo ni diski iliyomo na kitako kilicho chini yake, na vyote viwili vinarekebishika kwenye karakana yoyote.

Tuanze na sababu. Msumeno wa diski wa kushika mkononi hukata kutoka chini kwenda juu. Meno huingia kwa chini na kuchomoza juu, mbele ya diski, yakinyanyua nyuzi za mbao. Nyuzi za chini zimeshikwa na mbao iliyo juu yake, lakini za juu hazina cha kuzishika, kwa kuwa tundu la kitako cha kiwandani ni pana kuliko diski mara kadhaa. Ndiyo maana upande wa juu hunyofoka hasa unapokata mbao kwa kukingama au unapokata plaiwudi. Na ndiyo maana fundi mzoefu hulaza uso mzuri wa ubao chini, hata kama hajawahi kueleza kwa nini.

Dawa ni kitako cha pili. Chukua plaiwudi ya milimita 6, iliyonyooka, ikate kwa ukubwa wa kitako cha mashine. Chomoa waya kwenye umeme kwanza. Futa mafuta na vumbi, kisha ibandike kwa tepu yenye gundi pande mbili, au ifunge kwa skrubu fupi ambazo vichwa vyake vimezama kabisa. Hapa pana jambo la kuzingatia: vitako vingi vya mashine nafuu ni bati lililokunjwa, na likidondoka mara moja tu linaweza kupinda. Usiufuate ukingo wa bati. Pima kutoka kwenye diski hadi ukingo wa plaiwudi, mbele na nyuma, mpaka vipimo vilingane. Ukingo wa plaiwudi ndio utakaotembea kwenye rula, kwa hiyo kosa la bati umelizika. Kagua pia kwa skwea kwamba diski imesimama wima juu ya kitako.

Kisha weka mashine juu ya mbao ya kutupwa, ibane kwa klempu, rudisha waya kwenye umeme, vuta kava la chini kwa kishikio chake, washa, na ushushe diski polepole ipenye plaiwudi. Kama hujawahi kufanya hivyo, mwombe aliyezoea akusimamie. Mpasuko utakaopatikana utakuwa mwembamba sawa na diski yenyewe, na kingo zake ndizo zitakazozikandamiza nyuzi zisinyanyuke. Utapoteza milimita 6 za kina, lakini msumeno wa diski ya milimita 185 bado utaikata mbao ya inchi mbili bila taabu.

Chomoa tena umeme, sasa panua mpasuko upande wa nyuma na popote kava linapopita, mpaka lijifunge lenyewe bila kukwama. Mbele, pale meno yanapochomoza, bakisha wembamba uleule. Kava likikwama, kazi haijakamilika. Nasisitiza kwa sababu nimeona makava yaliyofungwa kwa waya yasisumbue, na nimeona grainda zilizotiwa diski ya mbao zikizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika bila kinga yoyote. Huo si ufundi.

Diski nayo isisahaulike. Inayokuja na mashine mara nyingi ina meno 24, mazuri kwa kupasua kwa haraka. Kwa ukingo safi tafuta ya meno 40, au 60 kwa plaiwudi. Hakikisha tundu lake linalingana na mhimili, na kasi iliyoandikwa juu yake si ndogo kuliko ya mashine yako. Utomvu ukiganda kwenye meno, ivue, uisugue kwa brashi na mafuta ya taa, uikaushe. Diski nyingi hutupwa zikiitwa butu kumbe ni chafu.

Sasa ombi lenyewe. Wenye karakana, tengeni nusu siku wiki hii mvishe misumeno yenu vitako. Gharama ni kipande cha plaiwudi ambacho pengine kimeegemea ukutani tangu mwaka jana. Kamati za shule, mnapoagiza madawati andikeni kwenye makubaliano kwamba kingo ziwe safi na zimepigwa msasa, na msilipe malipo ya mwisho kabla ya kuyakagua, moja baada ya jingine. Tusiwabane mafundi bei mpaka wakose hata pesa ya diski, halafu tulalamike.

Na ninyi mnaolea wanagenzi, wafundisheni kutengeneza kitako hiki kabla hawajakabidhiwa kazi ya mteja. Anzeni kwa kuwaonyesha kava linavyofunguka na kujifunga, na asiyeweza kueleza kazi yake asiwashe mashine.