Picha Isiyofunguka Haijapotea



Siku hizi albamu ya familia imehamia ndani ya simu na kompyuta. Picha ya ndoa, ya mtoto siku ya ubatizo, ya bibi akipepeta mchele uani, zote zimelala humo bila kujaza kabati. Ni jambo jema, lakini lina adha zake. Msiba unatokea, ndugu wanataka picha ya marehemu iwekwe kwenye ratiba ya mazishi. Kijana wa steshenari anachomeka flashi, anafungua programu yake ya kutengenezea picha, na programu inagoma. Inasema haiwezi kulifungua faili hilo. Hapo mwenye haraka husema, "Limeharibika hili, lifute tu." Neno hilo, mama, usilikubali upesi.

Sisi wa Tabora tunao mfano wa kutufundisha. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, kwenye njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mwezi Machi mwaka huo Henry Stanley aliondoka hapo kurudi pwani, akiwa amekabidhiwa shajara kubwa ya Livingstone iliyofungwa kwa lakiri. Wataalamu huiita Shajara ya Unyanyembe, kwa jina la nchi yetu hii.

Lakini sehemu ya shajara hiyo ilikuwa nakala. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mashariki ya Kongo ya leo. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Akaandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa mbegu za mmea. Humo ndimo alimoeleza jinsi, tarehe 15 Julai, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara ya watumwa walivyowamiminia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Baadaye aliyanakili maandishi hayo kwenye ile shajara kubwa, na katika kunakili akabadili na kupunguza baadhi ya mambo. Wino wa kwenye gazeti ukafifia, na kwa karibu miaka 140 sehemu kubwa haikusomeka.

Mtu angeweza kusema, "Nakala safi tunayo, vipande hivi vya gazeti ni vya nini?" Kwa bahati vilitunzwa huko Scotland. Mwaka 2010 na 2011 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walivipiga picha chini ya taa za rangi mbalimbali, nyingine zisizoonekana kwa macho, kisha kompyuta ikautenganisha wino na maandishi ya gazeti. Maneno yakasomeka, pamoja na yale ambayo nakala iliyaacha.

Funzo letu ni hili: kisichofunguka leo chaweza kufunguka kesho, mradi kile cha asili hakikutupwa. Basi tuone la kufanya programu inapokataa kufungua picha.

Kwanza, linda faili la asili. Nakili faili hilo na kuliweka mahali pengine, kisha majaribio yote yafanyie kwenye nakala. Likiharibika katika kuhangaika, umepoteza nakala tu.

Pili, tafuta mgonjwa ni nani. Fungua picha nyingine kwa programu ileile. Kisha fungua picha yako kwa programu nyingine, hata ile ya kutazamia picha tu, au ile ya kusomea intaneti. Kama programu inakataa kila picha, ugonjwa ni wa programu: ifunge, zima kompyuta na kuiwasha tena, na ikibidi ipakie upya. Kama picha yako inafunguka kwingine, basi ni nzima. Ihifadhi kama JPEG, kwa jina jipya, na fundi ataendelea na kazi.

Tatu, tazama ukubwa wa faili. Picha iliyopigwa kwa simu ya leo kwa kawaida huwa na megabaiti moja au zaidi. Ukikuta sifuri, au kilobaiti chache tu, ujue picha haikufika yote. Labda flashi ilichomolewa kabla ya wakati, au umeme ulikatika katikati ya kunakili. Rudi kwenye simu au kadi ilikotoka, nakili upya, na usichomoe mpaka kazi imalizike.

Nne, angalia aina ya faili. Simu za iPhone, tangu mwaka 2017, zinaweza kuhifadhi picha kwa aina iitwayo HEIC ili kubana nafasi. Programu nyingi za zamani haziijui kabisa aina hiyo. Mwombe mwenye simu aingie kwenye mipangilio ya kamera, mahali pa miundo, achague ule unaokubalika kwingi. Picha atakazopiga baadaye zitakuwa JPEG. Zile za zamani zigeuzwe kwa programu inayoijua HEIC. Hali ni hiyohiyo kwa mafaili ghafi ya kamera mpya za wapiga picha wa harusi: programu ya zamani haiyatambui mpaka isasishwe. Adobe wanatoa bure programu ya kuyageuza yawe DNG, aina ambayo programu nyingi huielewa.

Tano, usidanganywe na jina. Wengine hufuta herufi za mwisho za jina la faili na kuandika "jpg", wakidhani wameligeuza. La hasha! Ukiandika "mchele" juu ya gunia la mahindi, ndani yatabaki mahindi. Ukitaka kujua kilichomo, fungua nakala kwa programu ya maandishi ya kawaida, kama Notepad. Utaona alama nyingi zisizosomeka, lakini mwanzoni kabisa tafuta herufi hizi: PNG, au WEBP, au JFIF au Exif ambazo ni za JPEG, au "ftypheic" ambayo ni ya HEIC. Kisha funga bila kuhifadhi chochote.

Sita, kama picha zote zimetoweka kwenye kadi au flashi, acha kuitumia papo hapo. Usipige picha nyingine, na kompyuta ikikuuliza kama ifomati, kataa. Picha zilizofutwa mara nyingi bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Iko programu ya bure iitwayo PhotoRec inayoweza kuzitafuta. Zitakazopatikana zihifadhiwe kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ileile. Na kama flashi imetoka kwenye kompyuta ya watu wengi, ukakuta mafolda yamegeuka njia za mkato, huenda ni virusi vilivyoyaficha. Usiyabofye. Mpe fundi asafishe virusi na kuyafichua mafaili.

Nina maonyo mawili. La kwanza, ziko huduma za intaneti zinazogeuza picha bure. Kabla ya kupeleka huko picha za watoto wako, fikiri ni nani atakayebaki nazo. Ni heri kugeuzia nyumbani. La pili, picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Huonekana vizuri kwenye simu, lakini ukiikuza ili itundikwe ukutani, sura ya mzee huwa ukungu mtupu. Mwambie binti yako aliye Mwanza au Dar es Salaam aitume kama hati, ili ikufikie nzima. Na akishaituma, asifute ya kwake. Tumeona jinsi nakala ya Livingstone ilivyoacha mambo.

Mwisho, mama, usingoje msiba. Chagua jioni moja, kaa na watoto, mteue picha ishirini ambazo nyumba yenu haiwezi kuzikosa. Zifungueni moja moja mhakikishe zinafunguka. Nakala moja ibaki kwenye simu, nyingine kwenye flashi, na ya tatu kwa ndugu wa nyumba nyingine, maana mwizi na moto havibishi hodi. Zile tano bora zipelekeni studio zisafishwe kwenye karatasi, na nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli jina na mwaka. Wajukuu watafika siku ambayo sisi hatupo wa kuulizwa, "Bibi huyu ni nani?"

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.