Mashine ya Theluji na Vidole vya Mfanyakazi



Mtashangaa kuona habari za theluji katika ukurasa huu. Msomaji wa Kivu au wa Bujumbura ataniuliza: theluji inatuhusu nini sisi tunaochuma chai? Inatuhusu. Wenzetu wengi waliokimbia vita wakapokewa Kanada na Marekani wamejikuta katika kazi ya kuondoa theluji milangoni mwa watu, na mashine wanayopewa ni ndugu wa zile tunazozijua sisi. Mimi mwenyewe nilitoka kwenye kiwanda cha chai nikaja hapa Montréal, na ile kasoro niliyoiacha kule nimeikuta hapa imevaa koti la baridi.

Kwa asili mashine hii ni ya shambani. Arthur Sicard, mtu wa hapahapa Québec aliyeunda mashine kubwa ya kurusha theluji mwaka 1925, inasemekana alipata wazo hilo kwa kutazama mashine ya kupura nafaka. Mwaka 1927 aliuza ya kwanza kwa mji wa Outremont. Hizi ndogo, ambazo mtu anazisukuma akitembea nyuma yake, zilienea baada ya 1950.

Ilivyoundwa ni hivi. Mbele kuna parafujo kubwa lenye meno. Linazunguka polepole, linavunja theluji na kuivuta katikati. Nyuma ya parafujo kuna feni ya chuma inayozunguka kwa kasi sana, nayo ndiyo inayoitupa theluji juu kupitia shingo ya mashine, ikaanguka mita kadhaa mbali. Mtu anashika vishikio viwili, na kila kimoja kina wenzo wake. Mmoja unaendesha magurudumu, mwingine unazungusha parafujo na feni. Ukiachia wenzo, kazi inasimama. Aliyebuni jambo hilo alifikiri vizuri: mtu akiteleza juu ya barafu akaanguka, mashine isiendelee kula.

Theluji kavu haina taabu, inapita kama unga. Adui ni theluji yenye maji. Chama cha madaktari wa upasuaji wa mikono cha Marekani kimeeleza jinsi ajali hizi zinavyofanana: theluji nzito na mbichi, kina chake kimepita sentimita 15, na baridi ni ya nyuzi 2 chini ya sifuri au pungufu ya hapo. (Siku kama hiyo wenyeji wa huku husema kuna joto.) Theluji inagandamana ndani ya shingo, feni inakwama, na mtu anaingiza mkono kuizibua. Mara nyingi ni ule mkono wake wa kazi.

Sasa sikilizeni neno ambalo wengi hawalijui. Hata injini ikiwa imezimwa, feni iliyokwama inaweza kuwa na nguvu iliyobaki ndani yake, kwa sababu mkanda umevutwa na bonge la theluji linaizuia isizunguke. Ukilitoa lile bonge, feni inaruka. Hairuki sana, pengine robo ya mzunguko, lakini kwa vidole robo inatosha. Kwa hiyo kusema tu "zima injini" ni nusu ya fundisho. Achia wenzo, zima injini, chomoa ufunguo, ngoja mpaka kila kitu kitulie, kisha tumia kijiti. Mashine nyingi za siku hizi huuzwa na kijiti cha plastiki kilichobanwa juu yake kwa kazi hiyo. Kama hakipo, mpini wa ufagio unafaa. Mkono, hata ukiwa ndani ya glavu nene, haufai.

Majira ya baridi yaliyopita mwenzetu mmoja, mtu wa Uvira, alipoteza vidole viwili saa kumi na moja alfajiri. Aliyetuajiri alikuja hospitali na maua, na kesho yake akatuambia sote kwamba yule alikuwa mzembe.

Tuuchunguze uzembe huo. Tulikuwa tunalipwa kwa hesabu ya nyumba wala si kwa saa, na zote zilitakiwa ziwe tayari kabla watu hawajatoka kwenda kazini. Shingo ikiziba mara kumi katika usiku mmoja, kuizibua kwa utaratibu kila mara ni dakika nyingi ambazo hakuna anayezilipa. Kijiti cha mashine ile kilivunjika mwezi Desemba, tukaomba kingine, tukaambiwa ngojeni. Na wenzo wa parafujo ulikuwa umefungwa kwa waya ili usiachie, maana kuubana usiku kucha kunaua viganja kwa baridi. Huo waya niliufunga mimi. Nalisema wazi kwa sababu sitaki mtu adhani naandika kama malaika. Niliufunga, mwajiri akauona wiki nzima, akanyamaza, kwa kuwa kazi ilikwenda haraka.

Mkataba wa 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, juu ya kinga za mashine, unagusa pande zote mbili. Unasema mfanyakazi asitumie mashine ambayo kinga zake haziko mahali pake, na pia asilazimishwe kuitumia. Unasema mfanyakazi asiharibu kinga. Kwa hiyo mimi nilikosa. Lakini mkataba huohuo haumruhusu mwajiri kufumba macho, na malipo ya kuhesabu nyumba ni kulazimisha kwa mlango wa nyuma. Kule kiwandani kwetu tulikuwa na hali hiyohiyo kwenye roli za kukatia majani ya chai. Majani yakijaa, msimamizi hakusema "ingiza mkono." Alisema "mnachelewesha," na mkono ukaingia wenyewe.

Wapo wenzetu wanaosema mambo haya ni ya mafundi, chama kishughulikie mishahara. Siwaafiki hata kidogo. Malipo ya kazi ndiyo yaliyoingiza mkono ule ndani ya feni, na matengenezo nayo yana bei yake. Mfano ni pini za parafujo. Zimetengenezwa kwa chuma laini makusudi, ili jiwe au gazeti lililoganda likinasa, pini ikatike na giaboksi isalimike. Pini inagharimu fedha kidogo sana. Lakini mwajiri asiponunua za akiba, mfanyakazi anachomeka bolti ngumu yoyote aliyoiokota, na siku jiwe likiingia, giaboksi inapasuka na yeye anakatwa mshahara. Kuhusu mafuta ya injini, grisi na ukaguzi wa mkanda, hayo fundi yeyote anayajua, mradi apewe saa ya kuyafanya mchana, mashine ikiwa imepoa.

Msisahau moshi pia. Baridi inamvuta mtu kuwasha injini ndani ya banda na kufunga mlango. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imekwisha kuua watu kwa mashine hizi. Iwashwe nje, na petroli ijazwe nje, injini ikiwa baridi.

Hapa Québec sheria ya mwaka 1979 inampa mfanyakazi haki ya kukataa kazi ya hatari. Mkataba wa 155 wa mwaka 1981 unamlinda asiadhibiwe yule anayejitoa penye hatari kubwa iliyo karibu kumfika, na tangu Juni 2022 mkataba huo umo miongoni mwa ile ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama wa Shirika la Kazi Duniani inawajibika kuheshimu kanuni zake hata kama haijauridhia. Kwa hiyo ninyi wa Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda nanyi mnao mkononi. Mtu mmoja akikataa peke yake alfajiri gizani atafukuzwa kesho, haki au si haki. Sisi tulikwenda watu saba kwa pamoja, mwezi mmoja baada ya ajali. Tuliomba kulipwa kwa saa katika siku za theluji mbichi, pini za akiba katika kila gari, na kijiti kilichofungwa kwa mnyororo kwenye kila mashine.

Pini tumepata. Vijiti tumepata, na ule waya niliukata mwenyewe mbele ya wote. Malipo ya saa bado yanabishaniwa, na theluji ya kwanza kwa kawaida huanguka Novemba.