Utumwa Haukukomeshwa kwa Siku Moja

Kuna kosa ambalo hujirudia katika insha za wanafunzi wangu, na hata katika mazungumzo ya watu wazima hapa Thika na Ruiru. Wengi huamini kwamba utumwa ulikoma mwaka wa 1873, soko la Unguja lilipofungwa. Kwamba ulikoma kwa hisani ya Waingereza. Na kwamba ni habari ya Pwani isiyotuhusu sisi wa bara.

Yote matatu si kweli. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kuwauza hadharani. Haukumkomboa aliyekwisha kumilikiwa. Sheria ilifuta hali ya utumwa Unguja na Pemba mwaka wa 1897, na katika Pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Katika kipindi hicho wengi walijikomboa kwa miguu yao wenyewe, wakakimbilia Fuladoyo na misheni ya Rabai. Kufikia mwaka wa 1888 watoro wa Rabai walikuwa wengi, hata ikabidi mabwana wao walipwe fidia. Jarida la Anti-Slavery Reporter la London lilifanya kazi njema, lakini liliandikiwa wasomaji wa ng'ambo.

Neno lenyewe, mtoro, latufunza mengi. Leo mwalimu wa Ruiru humwita hivyo mtoto anayekwepa masomo. Zamani Pwani lilikuwa jina la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Na kipande kilipoenezwa kufikia mwaka wa 1920, kibarua aliyetoroka shamba la kahawa au mkonge alisakwa kwa alama za vidole, kwani kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kulikuwa kosa la jinai.

Sisemi kwamba kipande na utumwa ni mamoja. Kibarua hakuuzwa, wala mwanawe hakurithiwa. Lakini Gavana Northey alipoagiza mwaka wa 1919 kwamba machifu wawahimize watu, wanawake na watoto wakiwamo, kuwafanyia walowezi kazi, sauti iliyopinga ilitoka miongoni mwetu. Harry Thuku alitoa karatasi yake, Tangazo, kwa Kiswahili. Alikamatwa Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Mashamba hayo sasa yanagawanywa viwanja vya nyumba. Yafaa walimu wetu wawafundishe watoto historia yake kabla mibuni ya mwisho haijang'olewa. Anayeamini kwamba uhuru wake ulikuwa zawadi ataungoja tena siku utakapopokonywa.