Kasri la Plastiki si Bustani ya Maji

Jamani, tuseme ukweli. Anayeweka tangi la samaki sebuleni hapa Isevya, akamwaga changarawe za buluu na kusimamisha kasri la plastiki, hajatengeneza bustani ya maji. Kafungua duka la midoli.

Wengine hujitetea kwa Takashi Amano, yule Mjapani aliyefariki 2015, na mtindo wa iwagumi: mawe matatu au matano, moja kubwa likiongoza. Sawa. Lakini Amano alitazama mandhari ya kwao! Sisi tunaiga hadi kutamani mawe ya ng'ambo, ilhali Tabora imekaa juu ya graniti na reli imefika Kigoma tangu 1914. Huko Ziwa Tanganyika wapo samaki wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, na wengine hawabanduki majabalini. Kwani hayo si mandhari?

Na kupanga kuna kanuni. Jiwe zito hutangulia kukaa sakafuni, mchanga hufuata. Ukilitua juu ya mchanga, samaki watafukua, litaanguka, kioo kwisha. Mchanga uinuke nyuma, ushuke mbele, jicho lipate umbali. Jiwe usilolijua lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa, litaongeza ugumu wa maji. Samaki wa Tanganyika na mmea wa Vallisneria hawajali. Mimea ya maji laini itadhoofika.

Mshairi wetu akisifu theluji asiyowahi kuiona, tunamcheka. Mwenye kasri la plastiki tunamsamehe kwa lipi?