Taarifa za Mgonjwa Zimfuate Mgonjwa

Mkulima wa korosho anayetibiwa shinikizo la damu Nachingwea aweza kwenda Ruangwa msimu wa ufuta, akazidiwa huko na kupewa rufaa hadi Hospitali ya Sokoine, mjini Lindi. Iwapo faili lake limebaki alikoanzia, daktari anayempokea hajui dawa alizotumia, ipi ilimdhuru, wala figo zake zilipimwa lini. Vipimo hurudiwa, dozi hukisiwa, na muda wa kuokoa maisha hupotea.

Tatizo si uhaba wa takwimu. Vitabu vya MTUHA hujazwa vituoni, na jumla zake huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Jumla hizo huwafaa wapangaji wa huduma, kwani huonesha idadi ya walioonwa wilayani. Hazioneshi iwapo yule wa mwezi uliopita alirudi kuchukua dawa. Kwa mgonjwa mmoja mmoja zipo programu za vituo, kama GoTHOMIS ya serikali. Hata hivyo, programu mbili zisizoelewana hazina tofauti na madaftari mawili yaliyofungiwa katika makabati mawili.

Jambo la kwanza la kudai ni mfumo unaofanya kazi hata mtandao unapokosekana. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za EASSy na Seacom, chini ya Bahari ya Hindi, iliyumbisha intaneti nchini Tanzania na kwa majirani zake. Zahanati ya kijijini haihitaji ajali kubwa kiasi hicho. Umeme ukikatika mchana mmoja, muuguzi hurudi kwenye karatasi. Yafaa programu iandike kwanza katika kompyuta ya kituo, kisha ipeleke nakala kwenye seva kuu mawasiliano yanaporejea. Njia hii ina hatari yake: dozi yaweza kubadilishwa Nachingwea kabla ya nakala ya Ruangwa kupata habari. Kwa hiyo kila ingizo libebe tarehe, saa na jina la mwandishi, na la zamani lisifutwe kamwe.

La pili ni lugha moja ya kubadilishana taarifa, mathalani kiwango cha kimataifa cha FHIR, pamoja na namba moja ya mgonjwa. Namba ya NIDA pekee haitoshi, kwa kuwa mtoto wa kliniki hana kitambulisho hicho.

La tatu ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Katika mji mdogo, ambako karani wa mapokezi huenda ni jirani wa mgonjwa, mfumo lazima uoneshe nani alifungua faili na lini. Mgonjwa asiyeamini kwamba siri yake italindwa huficha ugonjwa wake, na taarifa iliyofichwa haitibiki kwa kompyuta yoyote.

Halmashauri inayopokea mfumo mpya ina haki ya kuuliza maswali haya matatu kabla ya kuukubali. Wakati majibu yakisubiriwa, mgonjwa aitunze kadi yake na kusafiri nayo, na mhudumu aandike katika fomu ya rufaa jina la dawa na dozi kwa mwandiko unaosomeka.